Ukili wa Tangu Jumanne

"Lowesha, mwanangu, lowesha. Unatazama nini? Chane zinakauka."

Tumpe alichovya vidole ndani ya bakuli, akanyunyiza maji juu ya miyaa, majani ya mkindu yaliyochanwa, iliyolazwa kwenye taulo. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, katikati ya mwezi wa sita, na gereji ya nyumba ile ya Toongabbie, pembeni mwa Sydney, ilikuwa na baridi ya kuuma ncha za masikio. Hita ndogo ya umeme ilielekezwa kwenye magoti ya Bi Somoe. Tumpe hakuwa na hita. Mwanafunzi, alishaambiwa, hupata joto lake katika kazi.

Bi Somoe alikuwa ameketi juu ya zulia kuukuu, miguu ameinyoosha, ncha ya ukili ameibana kwa dole gumba la mguu. Juu ya kanga alivaa sweta mbili za mwanawe, moja juu ya nyingine. Vidole vyake vilipishana, hiki juu, hiki chini, na utepe uliosukwa ulirefuka huku ukitazamwa, upana wa vidole vinne, mweupe na zambarau, ukijikunja ubavuni mwake kama paka aliyelala. Kwa utepe kama huo mkeka huzaliwa: husukwa mrefu, kisha hushonwa ubavu kwa ubavu.

Mkeka huu ulikuwa na wenyewe wawili. Nusu ya ukili ilikuwa inasukwa hapa gerejini, na nusu ya pili ilikuwa inasukwa Kilwa Kivinje na Siwatu, mdogo wake Bi Somoe. Tangu walipokuwa wasichana hawakupitisha mwaka bila kushona mkeka mmoja pamoja, na mwaka huu, kwa kuwa Bi Somoe alikuja Sydney kumwona mjukuu, waliamua kugawana kazi. Walikubaliana upana, wakakubaliana rangi, wakaachana. Angerudi mwezi wa nane, wakae chini, washone.

Lakini usiku wa kuamkia jana Kitwana, mwanawe, alimwambia kuwa amepata tiketi ya bei nafuu ya Jumapili hii, na kwamba nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

"Mwenyezi Mungu amempa mwanangu ofa," Bi Somoe alisema, akicheka peke yake. "Mimi nimo humu najiuliza nitafungaje Ramadhani kwenye friji, kumbe huko juu naandaliwa safari. Nitafunga kwetu. Nitafuturu na Siwatu. Wewe Mnyakyusa, umenuna nini? Utabaki na ndizi zako."

Tumpe alitabasamu kwa midomo. Alisema hajanuna, ni baridi tu.

Bi Somoe aliendelea kusuka na kusema. Alisema akienda mwendo huu, nusu yake itatimia Jumamosi jioni. Alisema Siwatu nusu yake keshaimaliza zamani na sasa anatamba mtaa mzima, maana ndivyo alivyo, hawezi kushinda akanyamaza. Alisema pia kuwa juzi na jana amempigia simu hapatikani, na kwamba mtu aliyezaliwa na akili zake timamu hujua kuwa simu hulishwa umeme. Atamsema akifika. Amemnunulia mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto, kwa ajili ya yale magoti yake, na atamsema kwanza kabla ya kumpa.

Kamera ndogo ilisimama kwenye miguu yake mitatu karibu na mashine ya kufulia, taa yake nyekundu ikiwaka. Tumpe aliitazama kamera kwa sababu hakuweza kumtazama mzee. Siwatu alikuwa amefariki Jumanne alfajiri. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri.

Katika nyumba ile walikuwa wanajua watu watatu: Kitwana, mkewe Rozina, na Tumpe. Nasra, binti yao wa miaka minane, hakuambiwa, kwa kuwa mtoto hana kifuniko.

*

Kitwana aliwaambia ndani ya gari, Jumanne jioni, mbele ya nyumba, vioo vimefungwa. Alikuwa bado amevaa sare ya hospitali ya Westmead, ambako alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji na kuvirudisha. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti ndogo. Alisema mama hataambiwa hapa. Atapelekwa nyumbani, atashuka Dar es Salaam, atapokelewa na wajomba, atafikishwa Kivinje, na akiwa ameketi na wanawake wamemzunguka, ndipo ataambiwa. Ndivyo inavyofanywa. Mtu hapewi msiba ugenini, kwenye baridi, ambako jirani akisikia kilio anapiga simu polisi.

Rozina aliuliza kama presha ya mama itastahimili safari ya namna hiyo. Kitwana alisema itastahimili safari kuliko itakavyostahimili habari.

Kisha akageuka nyuma. "Dada Tumpe, wewe unakaa naye mchana kutwa. Nakuomba."

Tumpe alisema amesikia. Alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, mwezi wake wa tano sasa. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya anthropolojia, ambayo Bi Somoe aliwaeleza wageni kuwa ni elimu ya kujua wenzako wanakaaje. Alitoka Tukuyu, kusikokuwa na ukili wala bahari, akaja mpaka Australia ili ajifunze kusuka kwa mama wa Kilwa ndani ya gereji. Mwanzoni jambo hilo lilimchekesha kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Halafu liliacha kuchekesha. Sasa alijua kuchana mwaa kwa ukucha, kuuchemsha na rangi ya unga kutoka duka la Wahindi pale Harris Park, na kuuanika juu ya kamba za nguo zinazozunguka kama mwavuli uani. Alijua kuunga chane mpya pale ya zamani inapoisha bila muungo kuonekana, ingawa Bi Somoe aliuona kila mara. Matawi walikuwa wanaletewa na Wekesa, Mkenya aliyekata miti ya bustani za manispaa. Yalikuwa ya mkindu wa kigeni, mgumu, wenye miiba. Bi Somoe alisema una kiburi, lakini akausuka.

Usiku ule wa Jumanne Tumpe hakuona ubaya wa shauri la Kitwana. Yeye mwenyewe aliwahi kuambiwa kifo cha bibi yake kwa simu, maktabani, akaenda kulia chooni huku mtu anagonga mlango. Kama angepewa kuchagua, angechagua kuambiwa nyumbani.

Kilichomjia kilimjia Jumatano asubuhi, alipomkuta Bi Somoe amekwisha kaa chini, uso unang'aa kwa habari ya tiketi, anasuka kwa haraka ambayo Tumpe hakuwahi kuiona.

Katika wiki ya kwanza kabisa alimuuliza mzee ni wakati gani watu hawasuki. Bi Somoe alijibu bila kuinua macho kwamba kwao, msiba ukiingia, mikono ya kusuka hufungwa. Ukili hukunjwa ulipofikia, hata kama umebaki shibiri moja, ukatiwa juu darini, na haushuki mpaka arobaini itimie. Tumpe aliuliza kwa nini.

"Kwa sababu kusuka ni kuziba," mzee alisema. "Ukisuka na maiti wako hajatimiza arobaini, unamwambia nafasi yake imeshazibwa. Utamwambia ndugu yako hivyo?"

Tumpe aliyaona ni maneno mazuri. Msimamizi wake chuoni aliyaona mazuri pia. Na sasa, kila pima iliyoongezeka ubavuni mwa Bi Somoe, ilikuwa inamwambia Siwatu hivyo.

Kitwana hakujua. Hayo ni mambo ya wanawake wakiwa wamekaa chini, na Kitwana aliondoka Kilwa akiwa kijana wa shule. Rozina alitoka Ifakara, akaolewa akiwa mkubwa. Kusuka kwake kulikuwa nywele. Nyumba nzima, aliyejua nini kinatendeka gerejini alikuwa Tumpe, na Tumpe alikuwa amewasha kamera.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Picha za Jumatano na Alhamisi zilikuwa nzuri kupita zote alizowahi kupiga. Mzee alikuwa na furaha. Alikuwa anaimba.

*

Ijumaa Tumpe alianza vita vyake vya kimyakimya.

Kwanza alisema kichwa kinamuuma. Bi Somoe alimwambia akalale, yeye ataendelea. Akasema basi labda wapumzike wote, wapange masanduku. Bi Somoe alisema masanduku hupangwa usiku. Akapendekeza waende mjini Parramatta, mama akaone mto kwa mara ya mwisho. Bi Somoe alimtazama kama mtu anayetazama sarafu asiyoifahamu.

"Mto nimeuona," alisema. "Una bata."

Bi Somoe alipokwenda kuswali adhuhuri, Tumpe alizichukua chane zote zilizokuwa zimelowekwa, na zile kavu zilizokuwa zimefungwa mafungu, akazitia kwenye pipa la takataka za bustani lenye kifuniko cha kijani, akafunika. Alifikiri atasema zimeota ukungu. Wekesa asingeweza kuleta matawi mengine kabla ya Jumatatu. Alirudi ndani, akakaa kwenye kitanda chake, mikono inanuka maji ya miyaa.

Alimsikia mzee akiingia gerejini. Alimsikia akitoka. Tumpe alipochungulia dirishani alimwona Bi Somoe ameinama juu ya pipa, nusu ya mwili wake imo ndani, miguu yenye soksi imesimama kwa ncha za vidole. Jirani wa upande wa pili, mwanamume mzee aliyekuwa akimwagilia maua yake, alikuwa amesimamisha mpira wa maji na anatazama. Alimuuliza kitu kwa Kiingereza, kwa upole, pengine kama amepoteza pete. Bi Somoe, ambaye hakuwa na Kiingereza, aliinua mkono kumsalimu na kurudi kuinama.

Nasra alikuwa amerudi shule mapema. Alitoka mbio. "Bibi, what are you doing? Watu wanakuona."

"Watu waone," Bi Somoe alisema kutoka ndani ya pipa. "Shika hizi."

Alizitoa zote. Zilikuwa zimechanganyika na nyasi zilizokatwa na maganda ya viazi. Alizirudisha gerejini, akazisuuza moja moja kwenye beseni, maji ya bomba yakimtia weusi kwenye kucha. Tumpe alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa na uongo wowote uliobaki uliokuwa unatosha.

"Nasra," mzee alimwambia mjukuu, "mwambie huyu msomi wa chuo kikuu kwamba kama amechoka kujifunza, aseme. Mdomo anao."

Nasra aliangalia huku na huku. Alisema hataki kusema kitu, akaenda kutazama televisheni.

Walibaki wawili. Bi Somoe alijifuta mikono kwa kanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Tumpe. Mimi nimekukosea?"

"Hapana, mama."

"Ningekuwa nimekukosea ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Basi ni hivi. Ulitaka kujua kusuka, umejua. Umetupiga picha zako. Sasa mimi naondoka na wewe umeshashiba, unaona hata uchafu wangu umekuzidi humu ndani." Sauti yake haikupanda. "Si neno. Watu huchokana. Lakini kazi ya Siwatu usiitupe jalalani. Mimi nitupe."

Aliketi, akanyoosha miguu, akaibana ncha ya ukili. Tumpe aliona kuwa vidole vilikuwa vimekakamaa kwa yale maji baridi, kisha vikalegea, vikaanza.

*

Tumpe alipanda treni pale Toongabbie, akashuka Westmead. Alimkuta Kitwana kwenye benchi nje ya jengo, wakati wa mapumziko yake, anakula wali wa jana kwenye kopo la plastiki. Mbele yake wauguzi walipita na vikombe vya kahawa, na mgonjwa mmoja aliyevaa gauni la hospitali alivuta sigara karibu na kibao kinachokataza.

Kitwana alimwona akasimama mara moja. "Mama?"

"Mama mzima, kaka. Kaa."

Tumpe alimwambia yote, kwanza ya pipa, halafu ya kusuka. Alipomweleza ile desturi, Kitwana alikuwa anafunga kopo lake, anafungua, anafunga.

Alisema kwa mara ya pili kile alichosema ndani ya gari. Alisema wajomba wameshakubaliana. Alisema zamu ya kesho hawezi kuiacha, likizo yenyewe amepewa kwa kuombaomba, siku nne za kumsindikiza mama na kurudi, na kiongozi wa zamu amemuuliza huyo aliyekufa ni mama yako au ni shangazi tu. Alisema angependa kujua ni vipi mtu anaeleza kwa Kiingereza kwamba mama mdogo ni mama.

"Najua, kaka."

"Hujui. Wewe unamwandika." Alisema bila hasira, na kwa hiyo ilichoma zaidi. "Siku mbili hizi ulikuwa unajua kuwa anaharibikiwa, na kamera ilikuwa inawaka. Leo ndiyo umeona uchungu? Au picha zimetosha?"

Mgonjwa yule alizima sigara yake juu ya tofali, akaitia mfukoni.

"Ndiyo," Tumpe alisema. "Ilikuwa inawaka. Nilijiambia nimekuahidi wewe. Nilikuwa nimekuahidi, lakini pia nilizitaka zile picha. Yote mawili. Sasa nakuambia, kaka, kwa sababu Jumapili atapanda ndege ameubeba ule ukili kwenye mkoba wa mkononi. Atauingiza ndani ya nyumba ya matanga. Wanawake watauona ni mbichi. Watamwuliza, dada, huu umeusuka lini? Na yeye atajibu mbele yao, kwa sababu anajua siku aliyosuka kila kipande."

Kitwana alitazama mikono yake. Alisema kuwa bibi yake alipokufa, yeye alikuwa mdogo kama Nasra. Alikumbuka kwamba nyumba ilikuwa kimya, na kwamba hakuelewa ni kimya cha nini, kwa sababu watu walikuwa wamejaa na walikuwa wanasema. Kulikuwa na kitu hakisikiki. Ile sauti ya miyaa ikivutwa, asubuhi mpaka jioni, sauti ambayo alizaliwa nayo. Na mama na Siwatu walikuwa wamekaa, mikono juu ya magoti, kama watu waliovuliwa kitu.

"Sikuwahi kuuliza," alisema.

Alinyanyuka. Alimwambia angojee, akaingia ndani kutafuta kiongozi wa zamu. Tumpe alikaa kwenye benchi na kopo la wali la mtu mwingine mapajani.

*

Bi Somoe alikuwa chini, anasuka, hita inawaka. Kitwana aliingia na sare yake, akavua viatu, akaketi sakafuni mbele ya mama yake. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu. Saa hizo hakupata kuwapo nyumbani hata siku moja, wala hakupata kuketi pale chini. Rozina alikuja nyuma yake kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwahudumia, na hakukaa; aliegemea mashine ya kufulia na kuishika kwa mikono miwili. Tumpe aliichukua kamera kutoka kwenye miguu yake, akaizima mbele ya kila mtu, akaiweka chini.

Vidole vya mzee vilisimama.

"Nani?" alisema.

Kitwana alisogea karibu, magoti yake yakagusa zulia.

"Nimekuuliza nani, Kitwana."

"Mama mdogo."

Bi Somoe alisema inna lillahi, taratibu, mpaka mwisho wake. Hakulia. Alimpapasa mwanawe kichwani mara moja, kama anayefuta vumbi, kwa sababu mwanawe ndiye aliyekuwa analia.

"Lini?"

"Jumanne. Alfajiri. Hakuugua, mama. Aliamka akaswali, akajilaza."

"Jumanne," mzee alisema.

Macho yake yaliteremka polepole hadi kwenye ukili, kwenye ncha iliyobanwa na dole gumba, kisha yakafuata mkunjo wake, duara kwa duara. Tumpe aliona jinsi anavyoelewa. Hakuna aliyemweleza. Aliiachia ile ncha, akaivuta miguu yake kutoka hapo, akaificha chini ya kanga kama mtu aliyekanyaga mahali pasipokanyagwa.

"Nimemsukia pima hizi zote," alisema. "Nikiimba."

Rozina aliketi chini sasa, akamshika bega. Alisema mama hukujua, hukujua, na Mungu anajua hukujua. Bi Somoe alikubali kwa kichwa. Kisha alimtazama Tumpe, aliyekuwa bado amesimama.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na lile nililokuambia la kufunga mikono, ulilikumbuka?"

"Nililikumbuka."

"Ndiyo maana ukazitupa."

"Ndiyo."

Mzee alifikiri. "Ungeniambia," alisema. "Pipa lile lina harufu mbaya."

Hakusema naye tena siku hiyo. Jioni walikuja wanawake wachache Waislamu kutoka Auburn, ambao Rozina aliwapata kwa simu, wakasoma sebuleni kwa sauti ya chini, milango imefungwa kwa ajili ya jirani. Tumpe alikuwa jikoni, anapika chai, anaosha vikombe, anapika chai. Kila alipopeleka sinia, Bi Somoe alipokea kikombe chake kwa mkono wa kulia, akashukuru kama anavyoshukuriwa mtu baki.

*

Jumamosi kulikuwa na jua, lile jua la kipupwe la Sydney ambalo hung'aa bila kupasha moto. Kitwana alikwenda kazini hata hivyo. Sanduku lilisimama ukumbini, limefungwa. Mfuko wa mpira wa maji ya moto haukuwamo ndani. Mtu alikuwa ameuweka juu ya kabati la bafuni, na hakuna aliyeuliza.

Alasiri Nasra aligonga chumba cha nyuma. "Bibi wants you," alisema. "Garage."

Bi Somoe alikuwa ameketi pale pale, lakini miguu ameikunja. Ukili wote ulikuwa umetandazwa sakafuni, umekunjuliwa, unatoka mlangoni unazunguka mashine ya kufulia na kurudi. Hakukuwa na maji kwenye bakuli. Tumpe alisimama kwenye kizingiti, akatoa shikamoo.

"Marahaba. Jumanne iko wapi?"

Tumpe hakuelewa mara moja.

"Nimeitafuta mimi, siioni vizuri. Macho yamevimba. Alfajiri ya kwetu ni adhuhuri ya huku. Nionyeshe Jumanne asubuhi ilipoishia."

Tumpe alipiga magoti. Aliufuata ukili kwa vidole, akitambaa, akipita muungo mmoja baada ya mwingine. Kila muungo alikuwapo ulipofanywa. Kazi yake miezi yote hii ilikuwa ndiyo hiyo, kuwapo. Alifika mahali zambarau inapokolea kidogo, akaweka kidole.

"Hapa."

Bi Somoe aliuvuta mwisho mwingine, ile ncha ya jana, akaanza kuzitoa chane. Alizitoa mojamoja, kinyumenyume, akizinyoosha kwa kucha na kuzilaza kando. Zilikuwa zimeshika mikunjo ya kusukwa na hazikutaka kulala.

"Mama," Tumpe alisema, "mikono si hufungwa?"

"Hufungwa isisuke. Kufumua si kusuka." Alimsogezea upande wa pili wa utepe. "Shika. Usivute, utazikata. Zilegeze kwanza."

Walifumua. Ilikuwa kazi ya polepole kuliko kusuka, kwa sababu Bi Somoe alikuwa na mkono wa kukaza, na Tumpe aliuhisi ukazo ule kwa mara ya kwanza akiupinga badala ya kuufuata. Mzee alisema habari za Siwatu, si nyingi. Kwamba alikuwa na mkono mlegevu, ndiyo maana nusu zao hazikupata kulingana hata mwaka mmoja, na kila mwaka waligombana wakati wa kushona, na kila mwaka mkeka ulipinda upande mmoja. Wageni walidhani ni mtindo. Kwamba hiyo nusu yake iliyoko Kivinje hana hamu ya kuiona, halafu kwamba anaitaka aione, aishike tu, hata sasa hivi, kama ingewezekana kuipitisha kwenye simu.

Alizilegeza mbili zilizong'ang'aniana.

"Na zile zako," alisema.

"Zipi, mama?"

"Za kwenye kikamera. Za tangu Jumanne. Nimo mle nasuka. Na nacheka." Hakumtazama. "Sitaki kusuka huko ndani milele."

Tumpe aliifuata kamera chumbani, akarudi nayo, akaketi karibu ili mzee aone. Alizifungua. Kwenye kioo kidogo Bi Somoe alikuwa anatikisa kichwa kwa wimbo usio na sauti, vidole vinakimbia. Tumpe alijua hatapata tena picha za namna hiyo, kwa mtu huyu wala kwa mwingine. Alifuta ya Jumanne mchana, ya Jumatano asubuhi, ya Jumatano mchana, ya Alhamisi. Kila moja ilimuuliza kama ana hakika, na kila mara alibonyeza. Ya Ijumaa ilikuwa ya mwisho. Ilianza na zulia tupu na beseni la maji. Alifuta nayo.

Bi Somoe alitazama kioo kikiwa cheusi. "Zimekwisha?"

Nje, jirani alikuwa anavuta pipa lake la kijani kwenda barabarani. Tumpe alishika kamera kwa mikono miwili. Mzee alikuwa amekwisha kurudi kwenye ukili, ameshaamini. Hakujua kwamba picha huweza kukaa mahali pawili, na hakukuwa na mtu katika nyumba ile ambaye angemwambia.

"Bado," Tumpe alisema. "Kuna nyingine ndani, kwenye kompyuta. Zile zile. Huwa nazihamishia huko kila usiku."

Bi Somoe aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umeanza kuwa wa manjano, na baridi ilikuwa inapanda kutoka sakafuni. Kati yao ulikuwa umebaki ukili wa Jumatano nzima na wa Jumanne mchana, haujaguswa.

Mzee aliukunja ulipofikia. Alizikusanya chane zilizofumuliwa, akazifunga fungu kwa mojawapo, akaliweka juu ya hita iliyozimwa. Kisha alinyoosha mkono ili asaidiwe kusimama, na Tumpe akamsaidia.

"Hizo za kompyuta za kesho," alisema. "Na huu uliobaki, wa kesho. Niamshe mapema, kabla ya uwanja wa ndege."